Sifa za Mtu wa Yatokanayo

Kila kijiji mkoani Simiyu kina mtu mmoja anayevuruga ratiba ya mkutano mkuu. Hana cheo. Si mjumbe wa halmashauri ya kijiji, si balozi wa nyumba kumi, si kamanda wa sungusungu. Huja mapema, baiskeli yake huiegemeza ukutani pa ofisi ya kijiji, huchagua mahali pa mbele karibu na meza, na mfukoni mwa koti ana daftari lililochakaa pembe. Mwenyekiti hufungua mkutano, mtendaji husoma muhtasari wa mkutano uliopita, watu huuthibitisha kwa kunyoosha mikono, na inapotajwa tu ajenda ya Yatokanayo, yaani mambo yaliyobaki kwenye muhtasari huo, mkono wa huyu bwana huwa umeshapanda. Uwanja mzima huguna. Akina mama wenye watoto mgongoni hutazamana. Vijana waliosimama pembeni huanza kusogelea pikipiki zao.

Mtu huyu ninamsifu, tena kwa moyo mmoja. Katika watu wote wanaohudhuria mkutano wa kijiji, wakiwemo wageni wanaoletwa na gari la wilaya, hakuna anayekifanyia kijiji kazi kubwa kuliko yake.

Kero yake ni ya kweli, na si haki kuificha. Mkutano uliotangazwa kuanza saa tatu asubuhi umeanza saa sita, kwa sababu alikuwa anasubiriwa mtu kutoka kata. Kivuli cha mti kimehama. Mvua za kwanza zimeanza kunukia na kila mwenye shamba ana haraka ya kwenda kuandaa mahali pa pamba. Ndipo mzee anasimama, anavua kofia na kusema:

"Mwenyekiti, tuliambiwa saruji ya madarasa imefika. Naomba kujua ilikuwa mifuko mingapi, imetumika mingapi, na iliyobaki iko stoo ya nani."

"Mzee wangu, hilo lina taarifa yake. Tutaileta."

"Lini?"

"Mkutano ujao."

Mzee anafunua daftari, anatafuta ukurasa kwa kidole. "Ndivyo mlivyosema mwezi wa tatu. Na mwezi wa sita mlisema hivyohivyo. Nimeandika hapa."

Mazungumzo ya namna hii hutafuna saa nzima, na saa hiyo ndiyo yenye thamani kuliko zote katika mkutano. Kabla yake kulikuwa na hotuba, na baada yake kutakuwa na Mengineyo, ambako watu watalalamikia mbuzi wanaoingia kwenye bustani na muziki wa usiku. Hapo katikati, kwa muda mfupi, mwenye mali anamwuliza mtunza mali yake.

Sheria iko upande wake. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Namba 7 ya mwaka 1982, inaufanya mkutano mkuu wa kijiji kuwa chombo chenye kauli ya juu kijijini. Kila mkazi aliyefikisha miaka 18 ni mjumbe wake kwa haki yake mwenyewe. Hakuna aliyemteua, hivyo hakuna wa kumtengua. Mwenyekiti, wajumbe wa halmashauri ya kijiji, mtendaji anayelipwa mshahara, wote hapo wanatoa hesabu kwa waliokaa chini. Ndiyo maana mkutano unatakiwa uitishwe kila baada ya miezi mitatu na taarifa ya mapato na matumizi isomwe. Hata ardhi imewekwa humo. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji isiyozidi hekta 250 ikitakiwa kutwaliwa kwa matumizi mengine, wa kukubali au kukataa ni mkutano mkuu. Mtu aliyechoka na jua akanyoosha mkono ili mkutano uishe haraka anaweza kuwa amekubali mbuga ya malisho iondoke.

Nani mwingine angeuliza? Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hukagua halmashauri 184 za nchi hii, na ripoti yake hukabidhiwa kwa Rais mwishoni mwa Machi, kisha huenda bungeni. Tunaisikiliza redioni, tunashangaa mabilioni. Ila nchi ina vijiji zaidi ya elfu kumi na mbili. Ukaguzi huo hauwezi kufika katika kila stoo ya kijiji kuhesabu mabati, wala kukaa kisimani kujua ndoo ngapi zimelipiwa. Huko chini mkaguzi ni yule anayekumbuka kilichosemwa mara ya mwisho. Daftari lake ndilo kumbukumbu pekee isiyofungiwa kabatini na mtu anayedaiwa majibu.

Simiyu ni mkoa mchanga. Ulianzishwa mwaka 2012, makao yake makuu yakawekwa Bariadi. Bariadi, Maswa na Meatu zilitoka Shinyanga, Busega ikamegwa kutoka Magu mkoani Mwanza, na Itilima ikazaliwa kutoka Bariadi. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 2.1. Ofisi ni mpya, mipaka ya vijiji bado inagombaniwa hapa na pale, lakini tabia ya kuhoji ni ya zamani kuliko mkoa wenyewe, na chanzo chake ni pamba.

Wazee wa Usukuma wanaijua habari hii. Enzi ya mkoloni, mkulima alibeba pamba yake hadi kwenye duka la mnunuzi, akaiweka kwenye mizani ambayo hakuweza kuisoma, akapewa fedha ambayo hakuweza kuipinga. Alijua nyumbani kuwa mzigo ule ulikuwa mzito, na dukani ukatokea mwepesi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wakaanza kuchanga fedha kidogo kidogo na kuajiri watu wao wenyewe, kazi yao ikiwa kusimama karibu na mizani ya mnunuzi na kuangalia. Basi. Kuangalia mshale unasimama wapi, kupima tena kwa mizani nyingine, na kusema kwa sauti. Fikiria usumbufu wake: foleni haisogei, mwenye duka amekasirika, wenzako nao wanataka walipwe warudi nyumbani, na yuko mtu anayesema, "Pima tena."

Kutoka kwa wasimamizi hao wa mizani vikazaliwa vyama vya msingi, na kutoka kwa vyama vya msingi, chini ya uongozi wa Paul Bomani, mwaka 1955 likaundwa shirikisho la vyama vya ushirika vya kanda ya ziwa, lililokuja kuwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika wa wakulima katika Afrika. Msingi wake haukuwa mkopo wala msaada. Ulikuwa ni watu waliokataa kuondoka dukani kabla ya kuridhika na mshale wa mizani.

Tukajifunza pia gharama ya kukosa watu hao. Mwaka 1972 halmashauri zilifutwa, mambo ya wilaya yakaendeshwa na maofisa waliotumwa kutoka juu. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika navyo vikafutwa. Vyote viwili vilirudishwa kwa sheria za mwaka 1982, na Mwalimu Nyerere mwenyewe, mwaka 1984, alikiri kuwa kuvifuta kulikuwa kosa. Si jambo dogo kiongozi wa nchi kusema hivyo. Miaka ile hakukuwa na baraza la halmashauri wala kikao cha ushirika ambako mkulima angesimama amwulize mtu aliyemchagua fedha imekwenda wapi. Shule ziliendelea kufunguliwa na pamba ikaendelea kununuliwa, na mazoea ya kuuliza yakafifia. Nguvu ya daftari la mzee ni kwamba mbele yake yupo mtu anayelazimika kujibu.

Siku hizi pamba inapita kwenye vyama vya msingi vya ushirika, AMCOS, na msimu wa 2019 uliwakumbusha wakulima wa Simiyu mengi. Bei elekezi ilikuwa shilingi 1,200 kwa kilo, soko la dunia likashuka, wanunuzi wakasuasua, na wakulima wengi walikaa muda mrefu wakidai fedha za pamba iliyokwishachukuliwa. Katika hali kama hiyo, anayejitokeza kwenye mkutano na karatasi za mizani za watu wa kitongoji chake, kilo na tarehe zikiwa zimeandikwa, ndiye anayetofautisha deni na malalamiko. Malalamiko hupozwa kwa maneno mazuri. Deni lililoandikwa halipoi.

Bariadi imewahi kutoa msumbufu wa ngazi ya taifa. John Cheyo, kiongozi wa muda mrefu wa chama cha UDP na aliyekuwa mbunge wa Bariadi Mashariki, aliwahi kuongoza Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali, kazi ambayo kwa ufupi ni ya kuwaita wakubwa na kuwauliza fedha imekwenda wapi. Kazi ile kule Dodoma ina mikrofoni, maji ya chupa na posho ya kikao. Mtu wetu wa kijijini anaifanya hiyohiyo amesimama juani, na anayemwuliza ni jirani yake, pengine shemeji yake, ambaye kesho watakutana kisimani au msibani. Kwa hiyo ninayempa heshima kubwa zaidi ni huyu wa chini. Anajua kuwa swali lake litamfuata hadi nyumbani.

Nimetaja kisima. Hapo ndipo msumbufu wa kike anapostahili aya zake mwenyewe.

Yeye hakai mbele. Mikutano mingi ya huku wanawake hukaa upande mmoja, kanga zimetandikwa chini, na wanaume kwenye mabenchi ya shule. Akinyoosha mkono haonekani haraka. Akionekana huambiwa aseme kwa kifupi. Swali lake huwa fupi kweli: pampu imeharibika, na sisi tunalipia kila ndoo, je, fedha iliyokusanywa ni kiasi gani na kwa nini haitoshi kununua kifaa? Chini ya Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019 miradi ya maji vijijini inaendeshwa na vyombo vya jamii vya huduma ya maji, wakala wa maji vijijini, RUWASA, ikisimamia, na fedha za ndoo zile ndizo za kuendeshea na kutengenezea. Yeye ndiye anayezitoa kila siku. Anajua ndoo ngapi zinachotwa alfajiri na ngapi jioni kuliko mtunza hazina yeyote, kwa sababu yupo kwenye foleni. Wanaume wanaposema "mama, muda umekwisha", wanamnyamazisha mtu pekee uwanjani mwenye takwimu.

Sheria imetaka angalau robo ya wajumbe wa halmashauri ya kijiji wawe wanawake. Wako, wamekaa nyuma ya meza. Lakini nimeona mara nyingi kwamba swali zito hutoka kwa mwanamke aliyeko chini kwenye kanga, asiye na kiti cha kupoteza.

Mtu wa Yatokanayo ana jambo jingine la thamani: husimamisha mkutano unapokimbilia uamuzi. Majina ya kaya maskini za mpango wa TASAF, mfuko wa maendeleo ya jamii, yaliposomwa mkutanoni ili wanakijiji wayapitishe, palihitajika mtu wa kuuliza kwa nini jina la ndugu wa kiongozi limo na la bibi anayeishi peke yake na wajukuu halimo. Wakaao kando ya Pori la Akiba la Maswa na Hifadhi ya Serengeti wanajua orodha nyingine, ya walioharibiwa mazao na tembo. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka kifuta jasho kwa mazao yaliyoliwa na kifuta machozi kwa aliyeumizwa au kwa familia ya aliyeuawa. Fomu hujazwa, watu husubiri, msimu mwingine unaingia. Hapo tena anahitajika mwenye tarehe: tembo waliingia usiku gani, shamba la nani, afisa alikuja lini kupima, na karatasi zile ziko meza gani sasa. Na kule Meatu kwenye Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori ya Makao, ambako utalii na uwindaji huleta fedha kwa vijiji wanachama, kuuliza swali la mgawo wa kijiji limekula muda gani wa mkutano ni halali kabisa, na jibu zuri ni kwamba halijala wa kutosha.

Kuna uamuzi mzito kuliko huo wote. Wasukuma wana dagashida, baraza la jamii la kutunga na kusimamia sheria za pamoja, lililosaidia kulinda ngitili, yale malisho yanayofungwa kwa ajili ya kiangazi. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1980 sungusungu nao wakaamka kupambana na wezi wa ng'ombe, na wakafaulu kweli. Nguvu ya watu wengi waliokubaliana ni kubwa mno. Nguvu hiyohiyo imewahi kuelekezwa kwa bibi kizee mwenye macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa miaka mingi ya kupikia, akaitwa mchawi. Imewahi kutoza faini za ng'ombe bila mtu kujua ng'ombe amechinjwa wapi. Mwaka 2009, wakati wa mauaji ya watu wenye ualbino, serikali iliendesha kura za siri kanda ya ziwa ili wananchi wataje watuhumiwa, na kila mwenye akili timamu alijua jinsi karatasi ya siri inavyoweza kubeba chuki ya mpaka wa shamba.

Katika mkutano wa kumtaja mchawi au mwizi, anayesimama na kuuliza "Ushahidi ni upi? Nani ameona? Mbona jina hili linatajwa na watu wa ukoo mmoja?" anahatarisha maisha yake ili kuokoa ya mwingine. Watu hupenda kumwambia kwamba mkataa wengi ni mchawi. Katika mkoa wetu methali hiyo si ya mzaha. Neno hilo limeua. Mtu anayelisikia na bado akabaki amesimama anastahili kupigiwa makofi ya pekee, na kulindwa.

Majibu anayopewa nayajua kwa moyo, na nayachukia yote. "Tutalifanyia kazi." "Hilo liko ngazi ya juu." "Tuwaachie wataalamu." "Mzee, unatuchelewesha." Baya kuliko yote ni hili: "Wewe ni wa chama gani?" Katika chaguzi za serikali za mitaa za mwaka 2019 na 2024 CCM, chama tawala, ilitwaa karibu viti vyote vya uenyekiti wa vijiji, na katika ule wa 2019 vyama vikubwa vya upinzani vilijitoa. Maana yake katika vijiji vingi hakuna hata mjumbe mmoja wa chama kingine nyuma ya meza. Kumwita mpinzani kila anayeuliza saruji ni kuwaambia wanachama wa chama tawala kwamba kadi zao zimewaondolea haki ya kujua. Na mara nyingi mzee huyu kadi ya chama hicho anayo, ameilipia tangu ujana wake, na anaitunza humohumo ndani ya daftari.

Simtetei kila anayeropoka. Wapo wanaouliza kwa kuwa walikosa uongozi, na wapo wanaoleta mkutanoni ugomvi wa mpaka ambao una baraza lake. Tofauti yao huonekana upesi. Mwenye kinyongo humtaja mtu. Mtu wa Yatokanayo hutaja kiasi, tarehe na ahadi, na akipewa jibu lenye ushahidi hukaa, huandika, hushukuru. Nimemwona akisema "wabheja, mtendaji, nimeelewa" kwa sauti ya furaha ya kweli, akapiga mstari kwenye ukurasa wake. Anachotaka ni jambo lifungwe. Viongozi waaminifu hawana cha kumhofia, na wengi wao humpenda, kwa sababu pale mwenyekiti mpya anapokuta hesabu zimevurugwa na aliyemtangulia, daftari la mzee ndilo linalomwokoa asibebeshwe deni lisilo lake.

Wanaosema anachelewesha maendeleo waangalie darasa lililoachwa kwenye lenta. Nani alilichelewesha? Mwezi Januari mwaka 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku michango ya lazima shuleni, baada ya elimu bila malipo kuanza mwaka 2016, na moja ya sababu za wazazi kuchoka na michango ilikuwa hiyo: walitoa, wakatoa tena, wasisomewe matumizi. Watu wa Simiyu si wachoyo. Wamejenga shule na zahanati nyingi kwa mikono yao, wamesomba mchanga na kuchota maji ya kujengea. Hutoa wanapoona. Mkutano ambao mzee huyu amejibiwa vizuri ni mkutano ambao mchango unaofuata utapatikana bila mgambo.

Kwa hiyo ninawaomba watendaji wa vijiji jambo jepesi: bandikeni mapato na matumizi ukutani pa ofisi wiki moja kabla ya mkutano, kwa herufi zinazosomeka, ili mzee aje na maswali machache na mazuri zaidi. Wenyeviti, mpeni nafasi ya kwanza kwenye Yatokanayo, na msimkatize. Vijana wenye simu, ombeni daftari lake mpige picha kila ukurasa, maana umri wake umekwenda na anayoyajua hayajaandikwa pengine popote. Na wewe msomaji, ukiwa Dutwa, Nkololo, Ngulyati, Mwandoya au popote penye mti na meza ya mkutano, nenda miezi mitatu ijayo ikitimia. Mkono wake ukipanda, nyoosha na wako.